Jasho kwa Niaba ya Waziri

Sogeeni ndani, sogeeni, hapo mlangoni pana upepo na habari hii haipendi kuchukuliwa na upepo. Wa mbele wabane miguu. Nchi nitakayoisema si hii tuliyoikalia. Iko mbali, ukivuka mpaka wowote unaoupenda wewe. Watu wake wanakula ugali kama sisi, wanakatiwa umeme kama sisi, wanasimamishwa barabarani kupisha misafara kama sisi, lakini si sisi. Atakayesema ni sisi akaulizwe yeye. Mie sikuwepo.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja ya kupendeza: mkubwa hafanyi jambo mwenyewe, anatuma mwakilishi. Kisima kinazinduliwa, mwakilishi anakata utepe. Chanjo imeletwa, mkuu wa mkoa anamtuma dereva akachomwe kwa niaba yake. Dereva yule alichomwa sindano ya mkuu wa mkoa, ya mkewe na ya mama mkwe, mkono ukavimba kama boga, na mkoa ukasifiwa kwa afya bora. Kuna mbunge alisoma mpaka akawa Dakta kwa njia hiyo hiyo. Aliyekaa darasani anauza mkaa, na akikutana na mbunge anamwamkia, "Shikamoo Dakta." Hakuna aliyeona ajabu.

Basi Mtukufu Rais akasafiri. Huko ugenini akamwona mwenyeji wake, mzee wa umri kama wake, asubuhi amevaa kaptura anakimbia bustanini, mbwa nyuma. Jambo lile likamchoma. Aliporudi hakusubiri hata kufika nyumbani, alihutubia palepale uwanja wa ndege.

"Wananchi wenzangu," alisema, "taifa ni mwili. Mimi ni kichwa. Mawaziri wangu ni misuli. Ninyi wananchi ni jasho. Mwili usiotoka jasho ni mzoga!"

Watu wakapiga makofi. Si kila siku mtu anatajwa kwenye hotuba.

Akaendelea kwamba, kuanzia siku ile, kila waziri awe na nguvu, awe na mwendo, awe na viungo vyepesi. Kutakuwa na Siku ya Misuli katika uwanja mkuu, na kila waziri atanyanyua chuma mbele ya umma. Atakayeshindwa atarudishwa jimboni kwake akaishi huko.

Hapo mawaziri walitokwa na jasho bila mazoezi yoyote. Jimboni! Ambako barabara walizoahidi ni vichaka na maji waliyoahidi ni hadithi!

Aliyeogopa kuliko wote alikuwa mwenye dhamana yenyewe, Mheshimiwa Dakta Gervasi Mbundamila, Waziri wa Nguvu, Mwendo na Usalama wa Viungo. Sipendi kusema mwili wa mtu, lakini tumbo lake likiingia mkutanoni, watu walisimama, wakaamkia, wakakaa, ndipo mwenyewe akaingia. Viatu vyake alivijua kwa kuambiwa. Ngazi za wizara alipandishwa na walinzi, wawili wakivuta na wawili wakisukuma. Akifika juu alisema, "Leo nimejitahidi."

Usiku mmoja wa mawazo ulimtosha. Asubuhi alimwita Katibu wake, Bwana Protasi, kijibwana safi kama sahani ya mgeni, akamwambia, "Nitafutie mtu."

*

Mtu alipatikana sokoni, upande wa viazi. Aliitwa Kondo, mchukuzi. Mnazijua lumbesa, yale magunia yanayoshindiliwa mpaka yanaota kichwa cha pili juu ya kichwa? Kondo alibeba lumbesa mgongoni na nyingine akaiwekea mkono, huku anapiga mluzi. Na alipenda kutazamwa, siwafichi. Njia fupi ya kutokea ghalani ilipita nyuma ya choo, lakini Kondo alizunguka mbele kwa wauza mitumba, akina dada wamwone mabega.

Mkewe, Mwantumu, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, mdomo mkali, mkono wenye shabaha. Hao wawili walipendana mpaka inakera.

"Wewe ndiye Kondo?" Katibu Protasi aliuliza, kitambaa puani.

"Ndiye mimi, mzee. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo ni Mheshimiwa Waziri."

"Nimbebe mpaka wapi?"

"Mpaka apungue."

Soko zima likaangua kicheko. Katibu hakucheka. Akaeleza kazi yenyewe: Kondo atafanya mazoezi kwa niaba ya Waziri. Atalala wizarani, atavaa raba za Waziri, na kila wakati wa mazoezi yeye ndiye Waziri, ving'ora na walinzi vyote vyake. Waziri anayo suruali yake ya harusi, ya kijivu. Siku itakapofunga kifungo, kazi imekwisha, na Kondo atarudi kwa mkewe na zawadi.

"Na isipofunga?" Mwantumu aliuliza, pini mdomoni.

"Itafunga, dada. Ni agizo la Rais."

"Suruali imeambiwa?"

Kondo hakusikia lolote baada ya neno ving'ora. Wenzake walikuwa wameshaanza kumwamkia.

*

Siku ya kwanza aliitwa Daktari Nuhu, daktari wa wizara, mwembamba, sauti yake ya kuomba radhi hata anapotaja jina lake. Aliulizwa kanuni za mazoezi salama akazitaja vizuri, haki yake tumpe. Mwili upashwe moto kwanza, viungo vinyooshwe polepole. Mzigo unyanyuliwe kwa nguvu ya miguu, mgongo umenyooka. Uzito uongezwe kidogo kidogo. Maji yanywewe. Baada ya kazi kuwe na pumziko. Na yakija maumivu, mtu aache papo hapo.

"Safi kabisa," alisema Katibu Protasi. "Sasa tugawane. Kupasha mwili moto?"

"Hiyo yangu," alisema Waziri, akapelekewa maji ya moto bafuni.

"Kukimbia?"

"Mwakilishi."

"Kunyanyua?"

"Mwakilishi."

"Pumziko?"

"Hilo halina mjadala," alisema Waziri kutoka bafuni.

"Maji ya kunywa?"

"Yangu. Ila yawe na barafu. Na yasiwe maji."

Daktari Nuhu aliinua kidole kama mtoto anayeomba kutoka. "Samahani. Kanuni ya mwisho inasema yakija maumivu mtu aache. Maumivu ya nani?"

Katibu alifikiri. "Anayefanya mazoezi ni nani?"

"Kondo."

"Hapana, daktari. Anayefanya mazoezi ni Waziri. Kondo anawakilisha tu. Kwa hiyo Waziri akiumia, Kondo ataacha." Akageukia bafuni. "Mheshimiwa, unaumia?"

"Hata kidogo."

"Endelea," Kondo akaambiwa.

Likaja suala la chakula. Daktari akasema anayetaka kupungua apunguze mlo, ale mchicha wa kuchemsha, mafuta na sukari aviage. Kupunguza mlo ni taabu, na taabu zote zilishapata mwenyewe. Kondo akaletewa mchicha.

*

Mwanzoni alifurahi, tena sana. Akikimbia barabarani, ving'ora mbele, walinzi nyuma wanatweta, magari yaliingia mitaroni kumpisha. Wazee waliinuka kumwamkia. Wachukuzi wenzake walimngojea sokoni wamtanie.

"Mheshimiwa! Choo cha soko mtajenga lini?"

"Suala hilo," Kondo alijibu akihema, "liko kwenye mchakato!"

Wakavunjika mbavu. Alikuwa na kipaji, ningemchagua mimi.

Lakini kila Ijumaa ililetwa suruali ya kijivu, walinzi wakamshikilia Waziri, mwingine akavuta zipu, mwingine akasukuma kitovu, na kila Ijumaa kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali zaidi. Katibu alikunja uso. Akasema haiwezekani juhudi zote hizi zisizae matunda, lazima mwakilishi anahujumu. Kondo akaongezewa gunia la mchanga, akapunguziwa mchicha.

Mashavu yakaingia ndani. Mabega yale ya kuzungushwa kwa wauza mitumba yakawa kama kibao cha kutundikia koti. Mgongo ukaanza kumkaa upande. Asubuhi aliuweka sawa kwa kuusukuma na ukuta.

Mwantumu aliambiwa na watu, kwa sababu mtaani hakukosekani watu. Akafunga cherehani, akaenda.

Alimkuta uani, anapanda na kushuka ngazi na gunia mgongoni. Waziri alikuwa kivulini na sinia la mbuzi.

"Kondo!"

"Usiniite hivyo saa hizi, mke wangu," Kondo alihema. "Saa hizi mimi ni Mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani mbavu zinaonekana kwa juu ya shati?"

"Nakaribia. Katibu kasema nakaribia."

Mwantumu akapita kivulini, akapiga goti. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Unaniona nilivyochoka? Nimepanda ngazi hizi tangu asubuhi." Akalamba kidole.

"Nakuona, Mheshimiwa. Naomba neno moja. Mume wangu anakwisha. Wewe mwenyewe ukiinuka, ukatembea mpaka pale getini ukarudi, kila siku mpaka getini tu, suruali itaanza kusikia."

Mlinzi mmoja alishika bastola. Waziri aliweka chini paja la mbuzi, na wallahi macho yakamjaa machozi.

"Mama, unanionea. Mwaka huu hakuna waziri aliyekimbia kuliko mimi. Muulize Katibu."

"Kweli tupu," alisema Katibu. "Mheshimiwa amekimbia mpaka soli zimetoboka." Soli zenyewe zilikuwa zinapanda ngazi na Kondo. "Dada, kama shida yako ni upweke, wizara itakupatia mwakilishi wa mume. Tuna karani wa masjala, mpole, hakoromi."

"Kampelekee mama yako," alisema Mwantumu.

Ilikuwa Ijumaa. Suruali ikaletwa, walinzi wakakamata, Waziri akavuta pumzi, na kifungo kikaruka kama risasi kikampata Katibu juu ya jicho. Wote wakainama kutafuta kifungo, Katibu akatafutwa baadaye. Mwantumu ndiye aliyekiokota.

"Mie ni fundi," alisema, sauti imelainika ghafla. "Nipeni suruali nikakirudishe."

*

Jioni ile nyumba ya Mwantumu tulijaa. Walijaa, nataka kusema. Wengine dirishani, wengine juu ya ndoo. Mwantumu aliifumua suruali nyuma na ubavuni, akakata sare kuukuu ya mgambo ya Kondo, ya kijivu vilevile, akaanza kuunga. Aliunga, akapima kwa macho, akaunga tena.

"Shoga, hiyo si suruali tena," alisema jirani mmoja. "Hilo hema."

"Hema ndilo litakalomtoa mume wangu."

Akashona kwa ndani, uzi haukuonekana hata kwa tochi. Akapiga pasi mpaka mkunjo ukasimama.

Kesho yake suruali ikapanda miguu ya Waziri bila kugombana na mtu. Ikafika kiunoni. Kifungo kikaingia tunduni chenyewe, na nafasi ya kuingiza kuku ikabaki. Waziri alilia kwa sauti. Aliwakumbatia walinzi. Alisema, "Nimeweza! Wangapi walisema sitaweza?" Redio ikakatiza taarab kutangaza.

Mwantumu alikuwa ameshafika getini na shati safi la Kondo na supu ya kongoro kwenye chupa ya chai. Kondo aliketi kwenye ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza kuziona ngazi zile akiwa amekaa. Alikunywa supu taratibu, anatabasamu.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Nimempunguza mtu mzima kwa miguu yangu."

Katibu Protasi akatokea mlangoni, karibu anaruka. "Uko wapi shujaa wetu? Usiondoke! Baraza zima la Mawaziri limesikia. Wamewafukuza wawakilishi wao wote. Wanakutaka wewe! Tangu sasa wewe ni Mwakilishi wa Misuli wa Baraza Zima, na Siku ya Misuli utanyanyua kwa niaba ya wote."

"Mlisema suruali ikifunga anarudi nyumbani," alisema Mwantumu.

"Angekuwa ameshindwa tungemwachia hata jana. Lakini kipaji kama hiki, dada, si cha mtu mmoja. Ni rasilimali ya taifa."

Mwantumu alipiga kelele mpaka njiwa wakaruka paani. "Ni kitambaa! Hakupungua mtu hapa! Mimi ndiye niliyeipanua! Ifumueni muone!"

Walinzi wakacheka. Waziri akatikisa kichwa kwa huruma. "Wanawake," alisema. "Mume akipanda cheo, hawalali."

Kondo peke yake ndiye hakucheka. Alimtazama mkewe, chupa mkononi.

"Umeongeza kitambaa?"

"Nilitaka urudi, Kondo."

"Kwa hiyo mimi sikumpunguza hata kidogo?"

Kondo akamrudishia chupa, supu haijafika nusu, akainuka akarudi kwenye gunia la mchanga. Siku ile hakuna aliyemwamuru.

*

Siku ya Misuli uwanja ulifurika. Mawaziri walikaa jukwaa kuu, chini ya turubai, wamevaa suti za michezo zenye mikunjo ya dukani. Katikati ya uwanja, juani, kilikaa chuma. Kila wizara ilitakiwa kuongeza sahani yake ya uzito ubavuni, na hapo ndipo fahari ilipoingia. Waziri wa Fedha alileta sahani kubwa. Waziri wa Ulinzi akasema jeshi haliwezi kuonekana jepesi kuliko Fedha, akaleta kubwa zaidi. Utamaduni wakaleta ndogo, wakazomewa, wakaenda kuazima.

Mgeni rasmi alikuwa Mtukufu Rais. Walimngojea asubuhi yote. Jua lilipofika utosini akaja mwakilishi wake, akahutubia kwa kirefu juu ya umuhimu wa kunywa maji wakati wa mazoezi, huku akinywa. Kondo alisimama karibu na chuma, midomo imepasuka. Maji, mtakumbuka, hayakuwa fungu lake.

Daktari Nuhu alimsogelea. "Nyoosha mgongo, ndugu yangu. Tumia nguvu ya miguu."

"Miguu ipi, daktari?"

Daktari akaitazama. Akaomba radhi, akarudi kukaa.

Bendi ikapiga. Kutoka upande wa watu wa kawaida, nyuma ya waya, Mwantumu aliita, "Kiache, Kondo! Kiache, baba! Turudi nyumbani!" Wachukuzi waliokuja naye wakaitikia, "Kiache!" Watangazaji wakawaambia wasikilizaji kwamba umma unashangilia.

Sijui kama aliwasikia. Aliinama, akakishika. Chuma kilipita magoti, kikapumzika kifuani, kisha, msiniulize kwa nguvu gani, kikapanda juu ya kichwa. Jukwaani mawaziri wakainua mikono wote. "Nimenyanyua!" walipiga kelele. "Nimenyanyua!" Waziri wa Fedha alijifuta jasho. Waziri Mbundamila alimwambia jirani yake, "Kifua kinaniwaka, lakini raha."

Halafu ukasikika mlio, kama mlango wa kabati kuukuu ukivunjwa, na Kondo akaenda chini na Baraza zima la Mawaziri juu yake.

Daktari Nuhu alipiga magoti pale, akasikiliza, akasema kwa sauti ndogo, "Amekufa."

Katibu Protasi akawa rangi ya jivu. "Nani amekufa?"

Swali lilikuwa zito. Wakati wa mazoezi, Kondo hakuwa Kondo. Mawaziri wakaanza kutazamana. Waziri wa Ulinzi alijifinya shavu. Mmoja akauliza kama mkewe mwenyewe ameshaambiwa. Naibu mawaziri, waliokaa safu ya nyuma, wakainuka, wakaanza kuvaa nyuso za huzuni na kurekebisha tai.

Mwakilishi wa Rais akampigia simu Rais, akasikiliza, akamwita mwamuzi.

"Filimbi ya kumaliza zoezi ilipulizwa lini?"

"Bado, mzee. Hii hapa mdomoni."

"Ilipulizwa kabla hajaanguka."

Mwamuzi aliitoa filimbi mdomoni, akaitazama. "Ndiyo, mzee. Kabla."

Basi ikatangazwa: kunyanyua kumefanywa na Baraza la Mawaziri, kufa kumefanywa na Kondo mwenyewe, kwa shughuli zake binafsi. Naibu mawaziri wakakaa. Mawaziri wakavishwa nishani mmoja mmoja, na foleni ile ilikuwa lazima ipite pale alipolala, wakawa wanamruka. Wasioweza kuruka walishikwa mkono.

Ndipo Mwantumu akaruhusiwa kupita kwenye waya. Katibu alimwambia, kwa adabu, kwamba mumewe sasa ameachishwa kazi, anaweza kumchukua.

*

Msibani mtaa ulijaa mpaka barabarani. Kilichotushtua, kilichowashtua, ni kwamba Waziri alikuja mwenyewe. Kwa mwili wake! Rais alikuwa amesikia kuna minong'ono masokoni, akataka waziri mmoja aonekane kwenye televisheni akilibeba jeneza.

Jeneza lilikuwa chini uani, wachukuzi wamelizunguka. Waziri akasogea mbele, kamera zikamfuata. Katibu akaanza kuvua koti, kama ilivyo desturi, Waziri akamzuia. "Hapana. Hili nalifanya mimi."

Wachukuzi wakapeana jicho. Wakamwachia upande wa mbele wote.

Daktari Nuhu alifungua kinywa aseme kuhusu kupasha mwili moto na kutumia miguu. Akakifunga. Nadhani ndilo jambo pekee la ujasiri alilowahi kufanya.

Waziri aliinama kwa mgongo, magoti yamekakamaa kama nguzo za umeme, akavuta kwa mshindo. Na Kondo, masikini, siku zile alikuwa mwepesi, hazidi mkeka uliokunjwa. Lakini kitu kikajifunga kiunoni mwa Waziri, na hapohapo akabaki, kichwa chini, makalio juu, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

"Protasi!"

"Naam, Mheshimiwa!"

"Inauma! Mama yangu, inauma!"

"Nani aumie, Mheshimiwa?"

"Yeyote! Tafuta mtu!"

Katibu akageuka kutuangalia. Kila mtu akakumbuka kuna kitu anakitafuta chini. Walinzi walitaka kumnyoosha, akapiga yowe, wakaogopa, maana hapakuwa na agizo la kumgusa Waziri aliyepinda.

Mwantumu alikuwa mlangoni, kaniki kichwani, wanawake wamemshika huku na huku. Hakulia. Aliwaambia wachukuzi, "Mchukueni mtu wangu, watu wameshajipanga msikitini."

Wakalinyanyua jeneza kwa nguvu ya miguu, migongo imenyooka, wakampita Waziri wengine kulia wengine kushoto. Uani tukabaki sisi wanawake na yeye. Tulipika, tukapakua, tukamzunguka na masinia. Kuna aliyemtundikia kitambaa cha jikoni mgongoni, sitamtaja. Wanaume waliporudi kutoka makaburini bado alikuwa pale, Katibu yuko kwenye simu anatafuta mtu wa kuumia.

*

Redio ilieleza yote vizuri kesho yake. Waziri Mbundamila ameumia akimbeba mwananchi wa hali ya chini. Amepewa nishani ya pili. Mtukufu Rais alipoona picha alivutiwa mno, akawaita wataalamu, wataalamu wakakaa semina kwenye hoteli ya ziwani, wakatoka na ugunduzi kwamba hakuna zoezi linaloshinda kubeba jeneza. Linajenga mabega, linatia pumzi, linafundisha kwenda hatua moja. Basi kila mtaa utabeba jeneza kila asubuhi, mwendo wa haraka, chini ya mkaguzi. Na kwa kuwa jeneza tupu halijengi misuli, ni marufuku kubeba jeneza tupu.

Katibu Protasi alikuja mwenyewe mtaani kupanga vikosi. Alifika mpaka mlangoni kwa Mwantumu, akasimama nje kwa sababu Mwantumu alikuwa eda, akamsomea agizo kupitia pazia.

Cherehani ndani ikanyamaza.

"Bwana Protasi," alisema Mwantumu. "Maiti za kila asubuhi, za kila mtaa, mtazitoa wapi?"

Katibu alicheka kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Usiwe na wasiwasi, dada," alisema. "Mazoezi yanaendelea vizuri."